Askari Wadogo na Watu wa Ziwa Nyasa

Ni desturi ya binadamu kukifanya kidogo kitu kinachomzidi nguvu, ili apate kukitazama kwa utulivu. Mtoto hufinyanga ng'ombe wa udongo kabla hajaweza kumchunga ng'ombe wa kweli. Baharia mzee huchonga chombo kidogo akakitundika ukutani. Na watu wa mataifa mengi, ambao baba zao walipigana vita wasivyoweza kuvieleza, wametengeneza askari wa kimo cha kidole, wakawapaka rangi na kuwapanga juu ya meza. Jambo hili la mwisho huchekwa na wengi, hudhaniwa kuwa ni mchezo wa watu wazima waliokataa kukua. Mimi pia nililicheka. Nia ya makala haya ni kueleza kwa nini nimeacha kulicheka, na kwa nini naona kwamba sisi tunaojifunza historia ya kusini ya Tanzania tuna funzo la kupata kwa askari hao wadogo, na deni la kulipa kwa sababu yao.

Kwetu ni Mapera, katika milima ya Umatengo, wilaya ya Mbinga, ambako wazee wetu walilima ngoro kwenye miteremko tangu kabla kahawa haijafika. Ukishuka kutoka milimani kuelekea magharibi unafika ufukoni mwa Ziwa Nyasa, penye Mbamba Bay na Liuli, katika nchi ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Mbinga na sasa ni wilaya ya Nyasa. Huko kwetu tulicheza vita tungali watoto. Bunduki zetu zilikuwa mabua ya mahindi, na aliyeuawa alihesabu mpaka kumi akafufuka. Hatukujua kwamba vita vya kweli vilipita katika njia zile zile tulizokimbilia, wala hatukuwa na mtu wa kutuambia.

Miaka michache iliyopita nilikwenda Uingereza katika mkutano wa watu wanaosomesha lugha za Kiafrika, nikapokewa kwa wema nyumbani kwa mwalimu mmoja mstaafu. Jioni ya kwanza baada ya chakula alinichukua hadi chumba cha nyuma. Palikuwa na taa juu ya meza, brashi zenye nywele chache mno, vikopo vingi vya rangi, na safu baada ya safu ya askari wa risasi. Kila mmoja alikuwa na kimo cha milimita 20 hivi, nao walikuwa wameundwa kwa kalibu za mtindo wa miaka ya 1960. Walikuwa majeshi ya zama za Napoleon. Hapo nilikumbuka jambo ambalo msemaji wa Kiswahili hulisema kila siku pasipo kulifikiri: risasi kwetu ni jina la madini, na risasi ni jina la kile kinachomuua askari. Mwenyeji wangu alikuwa na risasi nyumba tele, wala haikumdhuru mtu.

Nilimtazama akifanya kazi kwa siku kadhaa, na sharti niseme kwamba ni kazi ya subira. Kwanza humsugua askari kwa tupa ndogo ili kuondoa mshono ulioachwa na kalibu. Kisha humwosha kwa maji na sabuni mafuta yatoke, maana rangi haishiki penye mafuta. Humgandisha juu ya kijiti ili vidole visimguse, humpaka rangi ya msingi, na baadaye huanza kumvika: uso, koti, suruali, mikanda miwili myeupe inayopandana kifuani, mkoba wa mgongoni, bunduki, buti. Hamalizi askari mmoja ndipo amwanze mwingine. Huwapaka makoti watu ishirini, halafu mikanda watu ishirini, kama fundi wa viatu anayekata ngozi zote kwanza. Mwisho huja vanishi ing'aayo.

Hiyo vanishi ndiyo alama ya mtindo wa kale. Wachoraji wengi wa leo hutia vivuli katika mikunjo ya nguo, na vumbi juu ya buti, hata askari akaonekana kama mtu aliyetoka safarini. Mwenyeji wangu hakutaka hayo. Alipaka rangi bapa, safi, pasi na kivuli. Akatia wekundu mdogo mashavuni. Kisha akawang'arisha wote kama vikombe vya kauri. Nilipomwuliza sababu, alinijibu kwamba askari hawa hutazamwa kwa safu, wala si mmoja mmoja, na kwamba ndivyo walivyokuwa alipowaona mara ya kwanza akiwa mtoto. Nikaelewa kwamba alikuwa akihifadhi vitu viwili kwa pamoja: vita vya mwaka 1815, na macho ya mtoto aliyevitazama.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni ukali wake juu ya rangi za sare. Waingereza wa zama zile walivaa makoti mekundu, na Wafaransa wa miguu makoti ya buluu. Hayo hata mtu wa kando huweza kuyajua. Walakini kwa Waingereza ukosi na ncha za mikono zilibadilika kikosi kwa kikosi: hiki njano, kile kijani, na vikosi vya kifalme buluu. Mwenyeji wangu alikuwa na vitabu vya mambo hayo rafu nzima. Alinionyesha kikosi alichokipaka rangi upya chote, watu zaidi ya ishirini, kwa kuwa aligundua kwamba njano aliyoitumia ilikuwa imepauka mno kuliko ilivyopasa. Nami nikaona kwamba huyu, katika chumba chake cha nyuma, alikuwa akifanya kazi ya historia. Alijua, aliuliza, alikosea, alisahihisha.

Kazi hii ina nasaba ndefu. Katika mji wa Nuremberg, Ujerumani, mafundi wa bati waliunda askari bapa, wembamba kama sarafu, na huko ndiko kulikozoeleka kimo cha milimita 30 ili askari wa fundi huyu wapate kusimama pamoja na wa fundi yule. Mwaka 1824 ofisa mmoja wa Prussia, Reisswitz, akikamilisha kazi iliyoanzwa na baba yake, alitoa kanuni za mchezo wa vita wa kufundishia maofisa. Vita vikapiganwa juu ya ramani kwa vipande vidogo vya rangi. Mwaka 1893 huko London kiwanda cha William Britain kikaanza kuuza askari wa risasi walio wazi ndani, wepesi na rahisi wa bei, na watoto wengi wakapata majeshi. Mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells akatoa kitabu chake cha vita vidogo, Little Wars, ambamo aliona kwamba vita vya sakafuni ni bora kuliko vita vya kweli. Mwaka uliofuata vita vya kweli vilikuja. Kisha mwaka 1962 Don Featherstone akatoa kitabu kilichowaita watu wengi wa Uingereza kurudi mezani, na mtindo alioupenda mwenyeji wangu ni wa miaka ile.

Katika nasaba hiyo yupo mtu mmoja anayestahili kutajwa kwa kirefu, kwa kuwa habari yake ina manufaa kwetu. Huyu ni Kapteni William Siborne. Mwaka 1830 aliagizwa atengeneze mfano wa uwanja wa Waterloo, mahali Napoleon aliposhindwa tarehe 18 Juni 1815. Alikwenda akaishi miezi kadhaa katika shamba la La Haye Sainte, lililokuwa katikati ya vita, akapima vilima na mabonde kwa mkono wake. Kisha akafanya jambo ambalo sijui kama kuna aliyelifanya kabla yake kwa ukamilifu ule: aliwaandikia barua maofisa waliokuwa hai bado, akimwuliza kila mmoja kikosi chake kilisimama wapi ilipofika saa moja jioni, kimejipangaje, adui alikuwa wapi mbele yake, na hata shambani palikuwa na mazao gani. Majibu yakamjia kwa mamia. Akaweka juu ya mfano wake zaidi ya askari 70,000 wa bati, kila mmoja mdogo kama punje ya mpunga, akauonyesha London mwaka 1838. Hata leo mfano huo umo katika Makumbusho ya Taifa ya Jeshi, London.

Lakini kazi hiyo haikupita kwa amani. Siborne alikuwa amewaweka Waprusia wengi uwanjani saa ile, nao wakubwa wa Uingereza, na Wellington mwenyewe miongoni mwao, hawakupendezwa na mfano ulioonyesha kwamba ushindi wao ulikuwa wa watu wawili. Hatimaye Siborne alikubali kuwa amewasogeza mbele kupita kiasi, na Waprusia wengi wakaondolewa mezani. Je, alikosea mwanzo, au alikosea mwisho? Wanahistoria wangali wakibishana. Lakini jambo lililo wazi ni hili: meza haina nafasi ya watu wote, na anayepanga ndiye anayeamua nani asimame na nani aondoke. Na liko jambo la pili, ambalo halitajwi sana. Siborne aliwauliza maofisa. Hakuwaandikia askari wa kawaida, ambao ndio waliosimama katika mazao yale kwa miguu yao.

Nayasema haya kwa kuwa siku yangu ya mwisho pale nyumbani, mwenyeji wangu alinifunulia meza ya pili. Alikuwa ameifunika kwa shuka. Alipolifunua niliona maji ya buluu, ufuko, jiwe kubwa lililosimama majini, na meli ndogo mbili. Moyo wangu ulishtuka, maana nilikuwa nikiitazama Liuli.

Habari za Liuli anazijua kila mtu anayesoma vita vile. Wajerumani walipaita Sphinxhaven, kwa ajili ya lile jiwe ambalo wenyeji huliita Pomonda. Hapo ndipo palipokuwa na gati ya meli yao, Hermann von Wissmann, iliyoletwa vipande vipande katika miaka ya 1890. Waingereza kusini ya ziwa walikuwa na meli yao, Gwendolen, chini ya Kamanda Rhoades. Nahodha wa Wajerumani, Berndt, alikuwa rafiki yake. Walikutana ziwani na kunywa pamoja. Mwezi wa Agosti 1914 Rhoades alipata habari ya vita kabla ya mwenzake. Akaenda Liuli, akaikuta ile meli imevutwa nchi kavu kwa matengenezo, akaipiga mzinga. Berndt akatoka kwa mtumbwi, amekasirika, akiuliza kama rafiki yake amelewa. Akajulishwa kwamba nchi zao zina vita, na kwamba yeye ni mfungwa. Mwezi wa Mei 1915 Waingereza wakarudi na kuiharibu meli ile zaidi.

Kisa hiki husimuliwa kwa kicheko popote kinaposimuliwa, nami sikatai kwamba kinachekesha. Lakini hebu msomaji akitazame tena. Wamo Wazungu wawili, meli mbili, mzinga na kikombe cha pombe. Watu wa Liuli hawamo. Hawamo mabaharia Waafrika waliotia kuni katika injini, wala wale waliovuta meli nchi kavu. Ni kana kwamba ziwa lilikuwa tupu. Na vita havikuishia ufukoni. Mwezi wa Septemba 1916 jeshi la Waingereza kutoka Nyasaland liliitwaa Songea, mji ambao miaka kumi tu kabla, tarehe 27 Februari 1906, ulikuwa umewaona mashujaa wa Majimaji wakinyongwa na Wajerumani. Mwishoni mwa Septemba 1918 Lettow-Vorbeck, aliyekuwa amekimbilia Msumbiji, aliuvuka tena mto Ruvuma akapita nchi yetu akielekea kaskazini. Nchi moja iliona njaa mbili, na majeshi mawili yakila chakula kile kile.

Mwenyeji wangu aliyajua hayo. Kwa hiyo juu ya meza yake hapakuwa na meli tu. Palikuwa na askari Waafrika wa pande zote mbili, sare za kaki, tarbushi zenye vitambaa vya kufunika shingo, vitambaa vilivyozungushwa miguuni toka kifundo hadi goti, pochi za risasi viunoni, vyote vimepakwa rangi kwa uangalifu ule ule aliowapa watu wa Waterloo. Na kando ya meza, juu ya kibao, palikuwa na vinyago kumi na viwili vya rangi ya kijivu, yaani rangi ya msingi peke yake. Walikuwa wapagazi, mizigo vichwani. Akaniambia kwa upole: hawa ameshindwa kuwapaka, hana kitabu kinachomwambia walivaa nini. Maadamu mimi ni mtu wa nchi ile, na ni mwanachuoni, yamkini nitajua. Wapagazi waliopita Songea walivaa rangi gani?

Sikujua. Nilikuwa nimesomesha miaka mingi, nami nina shahada ya udaktari, na sikujua. Nilijua asili ya neno Kariakoo, kwamba ni Kiswahili cha jina la kikosi cha wapagazi wa Kiingereza, ambacho kambi yake iliuachia mtaa wa Dar es Salaam jina lake, kama ilivyouachia mtaa wa Nairobi. Nilijua kwamba upande wa ziwa la kusini wapagazi waliitwa tengatenga. Nilijua kwamba Waingereza walikusanya takriban watu milioni moja wa kubeba mizigo katika vita vile vya Afrika Mashariki, na kwamba kwa hesabu zao rasmi tu waliokufa walipita 40,000, hesabu ambayo wanahistoria wengi huiona kuwa pungufu sana. Nilijua majina na tarakimu. Nguo sikuijua. Nikaona haya, nikamwahidi kwamba nitauliza.

Nilipopata likizo nilikwenda Mapera. Nilimwendea mzee mmoja wa ukoo, ambaye namwita babu kwa heshima, nikamsalimu, nikakaa, na baada ya habari za shamba na za watoto nikamwuliza. Akacheka kwanza. Kisha akaniambia, "Mjukuu wangu, waliokwenda walikwenda na nguo waliyokutwa nayo. Huyu alikuwa na shuka, huyu kaniki, huyu ngozi. Hakuna aliyewashonea. Babu yangu alirudi bila hata hiyo aliyoondoka nayo." Alinyamaza kidogo, akaongeza, "Kama unataka sare, nenda ukatazame mganda."

Nilidhani amebadili mazungumzo. Baadaye niliona kwamba alikuwa akinijibu.

Mganda ni ngoma ya wanaume ichezwayo na Wanyasa ufukoni na Wamatengo milimani. Upande wa Malawi na katika visiwa vya Likoma hujulikana zaidi kwa jina la malipenga, yaani tarumbeta, kwa kuwa wachezaji huimba ndani ya vibuyu vilivyotobolewa na kuzibwa kwa utando mwembamba, aghalabu wa buibui, hata sauti ikatoka na mtetemo kama wa tarumbeta ya shaba. Vijana husimama kwa safu. Huvaa mashati meupe na kaptula, soksi ndefu na viatu, na mkononi hushika mgwisho au fimbo. Ngoma kubwa ikilia huinua mguu pamoja, huinama pamoja, hugeuka pamoja. Ziko daraja na vyeo. Na kwa wenzetu wa Malawi kundi huitwa boma, nalo huweza kuwa na mfalme wake, nahodha wake, daktari, na sista aliyevaa nyeupe anayewafuta jasho wachezaji. Wanawake wana kihoda yao, yenye safu na nidhamu kama hiyo.

Asili ya ngoma hii imechunguzwa. Terence Ranger, aliyewahi kusomesha Dar es Salaam, alitoa mwaka 1975 kitabu kizima juu ya beni, ngoma iliyozaliwa katika miji ya pwani, Mombasa na Lamu, miaka ya 1890, kwa mfano wa bendi za kijeshi. Mombasa palikuwa na mashindano ya Kingi na Skochi, na hao Skochi walivaa sketi za Waskoti. Katika nchi iliyokuwa ya Wajerumani makundi makubwa yalikuwa Marini na Arinoti. Wakati wa vita vya 1914 hadi 1918 askari na wapagazi waliichukua beni hadi bara, na baada ya vita waliorudi makwao waliipanda kila mahali. Kando ya Ziwa Nyasa ikaota kwa sura ya mganda na malipenga, vibuyu vikishika nafasi ya shaba.

Wakoloni hawakujua waitazameje. Wengine waliiogopa: katika miaka ya baada ya vita maofisa wa Tanganyika waliichunguza kwa hofu ya fitina, na baada ya mgomo wa migodi ya shaba wa mwaka 1935 huko Northern Rhodesia tume iliulizia habari za vyama vya ngoma hii. Wengine waliidharau, wakasema ni Waafrika wanaomwiga bwana wao kama kima. Dharau hii ya pili ndiyo iliyodumu, na nimeisikia hata katika vinywa vya wasomi wetu, ambao husema kwamba mganda si ngoma ya asili, ni mabaki ya gwaride la mkoloni.

Mimi nawauliza hao: yule mwalimu wa Uingereza anayemvika askari wa risasi sketi ya Kiskoti, sawasawa na ile waliyoivaa Waskoti wa Waterloo, je, naye ni kima? Hapana anayesema hivyo. Husemwa kwamba ana elimu ya sare, kwamba ni mtafiti. Basi kijana wa Mombasa aliyeivaa sketi hiyo hiyo mwilini mwake, akahesabu mikunjo yake, akajifunza mwendo wake, alikuwa na elimu gani? Wote wawili walitazama jeshi kwa jicho kali, wakachukua kilichowafaa, wakaacha kilichoua. Tofauti ni kwamba mmoja alitumia brashi na mwingine alitumia miguu yake. Anayemheshimu wa kwanza na kumcheka wa pili hajapima kwa mizani moja.

Tena nathubutu kusema kwamba wa pili alikuwa na haja kubwa zaidi. Mchoraji wa Waterloo hupaka sare ya babu wa mtu aliyeshinda. Lakini wale walioleta mganda ziwani walikuwa wametumikia chini ya sare, au chini ya mzigo wa waliovaa sare. Waliona kwamba katika vita vile mtu mwenye kaptula iliyopigwa pasi na viatu mguuni aliitwa askari, na asiye navyo aliitwa mzigo pamoja na alichokibeba. Waliporudi walijigawia vyeo wenyewe. Walivaa nyeupe, rangi isiyofaa kwa vita wala kwa kubeba, bali kwa mtu aliye na heshima yake. Wakaweka daktari na sista katika kundi, pengine kwa kuwa wengi wao hawakuwaona walipokuwa wakifa kwa kuhara na homa njiani. Hili la mwisho ni wazo langu, na msomaji anaweza kulikataa. Lakini kwamba katika jeshi hili hakuna anayebeba mzigo wa mwingine, hilo si wazo. Ni jambo linaloonekana kwa macho.

Wazee wetu walikuwa na vita vya mezani pia kabla ya hayo, navyo ni bao. Katika mchezo wa Mzungu askari aliyeuawa huondolewa mezani. Katika bao kete iliyoliwa haiondoki. Huhamia upande wa aliyeila, ikamtumikia yeye. Niliwahi kudhani kuwa hiyo ni kanuni ya mchezo tu. Lakini mwaka 1917 Waingereza waliunda kikosi cha 6 cha King's African Rifles, na wengi wa askari wake walikuwa wametumikia Wajerumani kabla ya kutekwa. Katika vita vile bao lilieleza ukweli kuliko meza ya Waterloo. Kwa watu wetu bendera ilikuwa mchezo wa wengine, na wao walikuwa kete.

Baadaye nilimwandikia mwenyeji wangu. Nilimwambia kwamba nimeuliza, na kwamba hapana rangi ya wapagazi, kwa kuwa hapakuwa na sare. Kila mtu alivaa alichotoka nacho. Kwa hiyo hawezi kuwapaka mashuka watu kumi na wawili, kisha vitambaa vya kiunoni watu kumi na wawili, kama alivyofanya kwa vikosi vya Waterloo. Itambidi amfikirie kila mmoja peke yake. Alinijibu baada ya miezi. Kazi ya wapagazi kumi na wawili, aliandika, ilimchukua muda mrefu kuliko kikosi kizima cha Napoleon. Aliniletea picha. Kila mmoja alikuwa na nguo yake na uso wake. Hakuwapaka vanishi.

Katikati ya Dar es Salaam, mahali palipokuwa na sanamu ya yule Wissmann mwenyewe, pamesimama tangu mwaka 1927 sanamu ya askari, bunduki mkononi. Juu ya jukwaa amesimama peke yake. Nairobi, katika mnara wa vita vile vile, mpagazi amesimama sambamba na askari. Sitaki kusema kwamba shaba ya Nairobi imelilipa deni. Lakini yeyote aliyeamua kumweka mpagazi pale alikuwa ameuliza swali ambalo sisi wanachuoni wa kusini tumechelewa kuliuliza.

Wapagazi wenyewe wamekwisha kufa wote, na watoto wao karibu wote. Waliobaki ni wajukuu, nao ni wazee. Siborne alianza kazi yake miaka kumi na tano baada ya Waterloo. Sisi tumepitisha miaka zaidi ya mia moja. Hata hivyo si mikono mitupu. Yako majina ya njia na vivuko, ziko habari za koo kuhusu nani aliondoka na nani hakurudi, na upo mganda, ambao kila mwaka huwafunza vijana mwendo uliojifunzwa kwa uchungu na watu ambao vitabu havikuwataja. Mwanafunzi wa Songea, wa Mbinga, wa Nyasa, anaweza kwenda na daftari na kuuliza kwa adabu kama Siborne alivyouliza: mlisimama wapi, mlijipangaje, shambani palikuwa na mazao gani. Ila awaulize wale ambao Siborne hakuwauliza. Na akishindwa kupata rangi ya nguo, asiione kazi yake kuwa bure, kwa maana huenda jibu likawa ni kwamba kila mtu alikuwa na yake.